Nyonga au mgongo? Namna ya kujua maumivu ya kiuno yanatokea wapi

Miezi minane nimetibiwa mgongo. Nimekandwa, nimechomwa sindano, nimebadilisha godoro, nimefanya mazoezi ya kulala chali na kunyanyua kiuno asubuhi na jioni kama mtu anayejiandaa na mashindano, na hakuna kilichobadilika zaidi ya mimi kuchoka. Halafu nikakutana na fizio mmoja (mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo), mtu wa makamo hivi, hakunigusa hata mgongo, akaniambia tu nivue soksi. Basi nikaanza kuhangaika, mguu wa kulia haukunjiki, naushika suruali kwa mikono miwili nauvuta uje, mwili wote nimeupinda upande na soksi bado siifikii. Akaniangalia weee, mwisho akasema "mgongo wako unapinda vizuri tu, unaokataa kuja ni mguu". Picha ya nyonga ilipopigwa ikaonekana gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, limelika, kazi kweli.

Kwa hiyo haya hapa chini ni yale ambayo ningependa mtu aniambie mwezi wa kwanza. Sio ya kujitibu, ni ya kukusaidia ukienda hospitali uende na maelezo yanayoeleweka, na wewe mwenyewe ujue pa kuangalia.

Neno "kiuno" ndo linatuchanganya

Ukisema kiuno kinauma, aliyekusikia ameelewa nini? Kuna anayemaanisha pale mkanda wa suruali unapopita nyuma, kuna anayemaanisha makalio, kuna anayemaanisha pembeni pale mfupa unapotokeza. Nyonga nayo ni hivyo hivyo, wengine wanaita nyonga mifupa yote ile iliyozunguka kama beseni, wengine wanamaanisha kiungo chenyewe pale mguu unapoingia. Sasa daktari ana foleni nje, wewe umesema kiuno, yeye ameandika mgongo, safari imeshaenda kombo.

Ebu simama ushike kiuno, vile mtu anavyosimama akisubiri maelezo. Ule mfupa viganja vilipokalia, wengi wanadhani ndo nyonga. Sio. Ukivuta mstari kutoka juu ya mfupa huo kulia mpaka kushoto unapita karibu na pingili ya nne ya mgongo wa chini, na pingili za eneo hilo ziko tano tu, yaani mikono yako iko usawa wa mgongo kabisa. Kiungo cha nyonga kiko chini zaidi, na kiko mbele zaidi ya unavyofikiria: kimezama ndani kabisa, usawa wa katikati ya ule mkunjo wa kinena unaotokea ukiwa umekaa. Ni mfupa wa paja wenye kichwa cha mviringo kama mpira umeingia kwenye kikombe. Na ile nundu ya mfupa unayoishika pembeni ya paja ukilala ubavu, ile nayo sio kiungo, ni sehemu ya juu ya mfupa wa paja ambapo misuli ya makalio inashikilia.

Ukilielewa hili tu umeshamaliza nusu ya kazi, maana utaacha kushangaa kwa nini nyonga inauma mbele wakati wewe unatafuta nyuma.

Kabla hujaanza kujipima: haya hayasubiri

Ganzi sehemu za siri au pale unapokalia, kama umekaa juu ya tandiko la baiskeli na huhisi kitu, au mkojo umegoma kutoka, au unatoka bila taarifa, au haja kubwa huidhibiti, au miguu yote miwili inalegea: hiyo ni dharura ya leo, sio ya kesho asubuhi. Ni mishipa ya fahamu ya chini kabisa inabanwa na ikichelewa uharibifu unaweza kubaki wa kudumu.

Mzee ameanguka hata kama ni kuteleza tu, hawezi kukanyagia, na mguu mmoja unaonekana mfupi na unyayo umelala kwa nje, usimsimamishe "ajaribu kutembea kidogo". Hapo nyonga huenda imevunjika. Na kuna wanaovunjika bila mguu kuonekana mfupi, kwa hiyo kinena kinachouma baada ya kuanguka kwa mtu mwenye umri kipigwe picha.

Homa pamoja na maumivu makali ya nyonga au mgongo, kupungua uzito bila sababu, jasho la usiku, historia ya kansa, maumivu ya usiku ambayo hakuna mkao unaoyatuliza, unyayo unaoburuta kwa sababu huwezi kuunyanyua, yote haya unaenda kwa daktari bila kupitia kwangu. Kifua kikuu nacho kinaweza kukaa kwenye pingili za mgongo na kinaanza taratibu sana, mtu anakanda miezi.

Weka kidole kimoja

Sio kiganja, kidole. Ukiweka kiganja unaziba nusu ya ramani. Mtu mwenye tatizo la ndani ya nyonga mara nyingi anashindwa kuweka kidole, badala yake anashika ubavu wa nyonga kwa mkono uliopinda kama herufi C, kidole gumba kimeelekea nyuma na vingine mbele kwenye kinena, anasema "iko humu ndani, katikati". Nilifanya hivyo hivyo bila kufundishwa. Ni dalili ambayo madaktari wa mifupa wanaijua sana.

Panauma kinenani, mbele

Hii ndo sura ya nyonga yenyewe. Maumivu ya kinena yanayoshuka mbele ya paja, wakati mwingine mpaka gotini, yanayochokozwa na kuingia na kutoka kwenye gari, kupanda ngazi, kuchuchumaa, kuvaa soksi, kukata kucha za miguu. Ukiamka mguu umekaza, unapiga hatua za kwanza kama roboti, ndani ya nusu saa unalainika, jioni ukishazunguka sana unauma tena na unaanza kuchechemea bila kujua, mpaka mtu akuulize una nini.

Kwa mtu aliyevuka miaka 50 mshukiwa wa kwanza ni gegedu kulika. Kwa kijana anayecheza mpira au anayekaa chini sana, mara nyingi ni mifupa kugongana kwenye ukingo wa kile kikombe au ule mpira wa gegedu unaozunguka ukingo kuchanika, na huyu anasikia kitu kinanasa au kinadata kwa ndani, maumivu ya kukata akikaa muda mrefu kiti kifupi. Kwa mwenye seli mundu, au aliyetumia steroidi muda mrefu, au mnywaji sana wa pombe, kinena kinachouma kisichukuliwe poa hata kama ni kijana wa miaka 25, kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kinakosa damu na kinakufa taratibu, na mwanzoni eksirei ya kawaida inaweza kutoka safi kabisa wakati MRI (kipimo cha picha kinachotumia sumaku) inaonyesha tatizo. Kwa mkimbiaji aliyeongeza kilomita ghafla, fikiria ufa mdogo kwenye shingo ya mfupa wa paja, na huyu aache kukimbia siku hiyo hiyo, asisubiri wiki iishe.

Lakini sio kila kinena ni nyonga. Ngiri inauma hapo hapo, ila utaona au utashika uvimbe unaojitokeza ukikohoa au ukinyanyua kitu. Jiwe la figo linaanzia ubavuni nyuma linashuka kinenani kwa mawimbi, na mtu anagaagaa hatulii, tofauti na mwenye nyonga ambaye akipata mkao wa kutulia hataki kuguswa. Na mgongo nao ukibanwa juu kidogo, kwenye neva (mishipa ya fahamu) zinazotoka pingili ya pili na ya tatu, unaweza kurusha maumivu mbele ya paja. Hiyo haitokei mara nyingi kama ile ya chini, lakini ipo, na ndo inayowapoteza hata wataalamu.

Panauma pembeni, juu ya ile nundu ya mfupa

Hapa kila mtu anasema nyonga, na picha ikipigwa nyonga iko safi, mtu anabaki kuambiwa hana kitu. Anacho. Ni kano za misuli ya makalio pale zinaposhikilia mfupa, zimechoka au zimepata michubuko, na wakati mwingine kile kifuko cha ute kilicho juu yake kimevimba. Inawapata zaidi kina mama wa miaka 40 mpaka 60. Alama yake ni kulala: ukilalia upande huo unaamka, ukigeuka upande wa pili nako mguu wa juu ukiangukia mbele unauma vile vile. Ukibonyeza hapo kwa kidole unaruka. Soksi unavaa bila shida, na hiyo ndo inayoitenga na nyonga iliyolika.

Kama pembeni hapo ni ganzi na kuchoma juu ya ngozi, sio maumivu ya kubonyeza, na eneo ni nje ya paja tu bila kuvuka goti, angalia mkanda au nguo inayobana, au ujauzito, au kilo zilizoongezeka. Kuna neva moja ya ngozi inapita pale mbele ya mfupa wa kiuno na inabanwa kirahisi.

Panauma takoni (hapa pagumu)

Tako ni njia panda, kila kitu kinapita hapo. Mgongo unarusha maumivu hapo, kile kiungo cha nyuma kinachounganisha uti na nyonga kinauma hapo, misuli ya ndani inabana neva hapo, na nyonga yenyewe kwa watu wengine inauma hapo hapo badala ya kinenani. Kwa hiyo tako peke yake halikwambii kitu, unatakiwa uangalie limeongozana na nini.

Likiongozana na mgongo kukaza, ukiinama au kukaa sana linazidi, ukikohoa au kupiga chafya unasikia kama umeme: mgongo, na diski, ule mto laini kati ya pingili na pingili, ndo mshukiwa. Bro wangu alikuwa anapiga chafya ameshikilia ukuta.

Ukiweka kidole kwenye kile kishimo cha nyuma, vile vishimo viwili vya juu ya makalio, au chini yake kidogo, na kila ukiulizwa unarudi pale pale sentimita ile ile, basi ni kiungo cha nyuma cha nyonga na uti. Kinasumbua sana wajawazito na waliojifungua karibuni, kugeuka kitandani inakuwa shughuli, kusimama mguu mmoja kuvaa suruali shughuli nyingine.

Kama ni kijana, kabla ya miaka 45, maumivu yameanza taratibu, yanahama leo tako la kulia wiki nyingine la kushoto, yanakuamsha nusu ya pili ya usiku, asubuhi umekakamaa zaidi ya nusu saa na ukifanya mazoezi unapata nafuu ila ukipumzika unazidi kuumia, mwambie daktari hivyo hivyo kwa maneno hayo. Kuna ugonjwa wa uvimbe wa viungo vya uti unaokuja hivyo, watu wanauhangaikia miaka wakidhani ni kazi ngumu au godoro.

Na kama unauma ukikaa tu, hasa unapokaa na pochi kwenye mfuko wa nyuma, toa pochi kwanza. Natania nusu, lakini nusu ni kweli.

Inashuka mguuni

Goti ndo mpaka wa kuangalia. Maumivu yanayovuka goti yakaenda kwenye shavu la mguu, kifundo, mpaka vidoleni, yakiwa na ganzi au sindano sindano, kwa kawaida ni neva ya mgongo. Maumivu ya nyonga kwa kawaida yanaishia gotini, na hayana ganzi. Nasema kwa kawaida kwa sababu wapo watu wenye nyonga mbovu ambao wanasikia mpaka chini ya goti, ila ganzi na kukosa nguvu kwa vidole sio tabia ya nyonga.

Jicheki nguvu: tembea kwa visigino hatua kumi, halafu tembea kwa ncha za vidole hatua kumi. Ukishindwa visigino upande mmoja, shuku neva inayotoka pingili ya tano ama ya nne, ukishindwa ncha za vidole shuku ile ya chini yake. Kama kushindwa kwenyewe ni kwa sababu ya maumivu hiyo haihesabiki, tunatafuta mguu unaokataa wakati hauumi. Ukipata udhaifu wa kweli, na hasa ukiona unaongezeka, usiendelee kusoma huku umelala, nenda.

Habari njema kidogo kwa hili ni kwamba neva iliyokasirishwa na diski kwa watu wengi inatulia yenyewe ndani ya wiki 6 mpaka 12, hata bila kisu. Nyonga iliyolika haina tabia hiyo, inapanda na kushuka ila hairudi kuwa mpya.

Natembea kidogo, nasimama, naendelea

Uliza swali moja: nini kinakupa nafuu? Kama ni kuinama mbele au kukaa, na ukiwa unasukuma kitoroli umeegemea unaweza kutembea umbali mrefu lakini mikono mitupu hufiki, basi ni mfereji wa uti wa mgongo umebana, jambo la watu wa umri mkubwa zaidi. Kupanda mlima kwao ni rahisi kuliko kushuka, kwa sababu ukipanda unainama. Kama nafuu inakuja kwa kusimama tu bila kukaa wala kuinama, na maumivu yapo kwenye shavu la mguu, fikiria mishipa ya damu, hasa kwa mvutaji sigara au mwenye kisukari. Nyonga yenyewe inauma tangu hatua za kwanza kila unapokanyagia, na kitoroli hakiisaidii sana zaidi ya kukupunguzia uzito.

Goti linauma lakini goti lenyewe halina tatizo

Nyonga na goti wanashea neva, kwa hiyo ubongo unasoma anwani vibaya. Mtu anachuliwa goti, anapigwa picha goti, goti halina neno. Kwa mtoto ni hatari zaidi: mtoto wa miaka 10 mpaka 16 anayechechemea akisema goti, hasa kama ni mnene kidogo, nyonga yake ipigwe picha, kwa sababu kichwa cha mfupa kinaweza kuwa kimeteleza kutoka mahali pake na kila siku anayokanyagia kinateleza zaidi. Mtoto mwenye homa asiyetaka kusogeza mguu kabisa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, usaha ndani ya kiungo unakula gegedu haraka.

Sasa tenganisha: sogeza kimoja, kingine kitulie

Shida ya kila kitu tunachofanya kutwa ni kwamba kinasogeza mgongo na nyonga kwa pamoja. Kuinama kuokota kitu, nusu ni mgongo nusu ni nyonga. Ndo maana "nikiinama inauma" haimwambii mtu chochote. Unatakiwa ufanye kama fundi umeme anayetafuta shoti, anazima swichi moja moja. Fanya taratibu, pande zote mbili, uanze na mguu mzima ili ujue kawaida yako ikoje. Aliyeanguka au mwenye zile dalili za hatari asijaribu.

Lala chali, mguu umenyooka umelegea kabisa, mtu akushike paja na muundi auviringishe ndani nje kama gogo linaloviringishwa. Mgongo hapo haujaguswa. Ukiuma kinenani, umempata nyonga.

Kaa kwenye kiti, magoti yamekunjwa, goti libaki pale pale halafu peleka unyayo nje, mbali na mguu mwingine. Inaonekana kinyume lakini hapo nyonga inazungukia ndani, na huo ndo mzunguko unaopotea mapema gegedu likianza kulika. Mguu wangu wa kushoto ulikwenda vizuri, wa kulia ulisogea kama vidole viwili ukagota, na niliuma meno. Ukiona tofauti ya wazi namna hiyo kati ya kulia na kushoto, usimruhusu mtu akutibu mgongo peke yake.

Kunja nne ukiwa umelala chali, kifundo juu ya goti la pili, uachie goti lianguke nje. Maumivu yakija mbele kinenani ni nyonga. Yakija nyuma kwenye kile kishimo ni kile kiungo cha nyuma. Goti likibaki limening'inia juu wakati upande wa pili linalala chini, nyonga imekaza.

Mgongo nao mpe nafasi yake. Bado chali, mguu umenyooka, mtu aunyanyue taratibu bila wewe kusaidia. Kati ya nyuzi 30 na 70 ukisikia umeme unaovuka goti kwenda chini, neva ya mgongo imelalamika. Kuvuta nyuma ya paja tu sio jibu, hiyo ni misuli imekaza na karibu kila mtu anayo. Na ukinyanyua mguu mzima halafu ule mbovu ndo unaolia, hiyo inaelekeza kwenye diski kwa nguvu zaidi. Kipimo hiki kinabeba jina la Lasègue, daktari wa Ufaransa, ingawa aliyekiandika mwaka 1881 ni mwanafunzi wake, ndo dunia ilivyo.

Mwisho simama mguu mmoja sekunde 30, kidole kimoja ukutani usianguke. Pembeni pakianza kuwaka kabla ya sekunde kuisha ni zile kano. Ukiona kiuno cha upande wa pili kinashuka chenyewe misuli ya makalio ni dhaifu, na hilo linaweza kutoka nyonga au neva, kwa hiyo usilifanye hukumu.

Hakuna kipimo hata kimoja hapo kinachotosha peke yake. Vitatu vikielekea upande mmoja, hapo kuna hadithi.

Na kama ni vyote viwili?

Hii inatokea sana kuliko tunavyopenda, hasa kwa wenye umri. Mwaka 1983 madaktari wawili, Offierski na MacNab, waliandika juu ya watu wa namna hii ambao nyonga na mgongo vimeharibika pamoja, na mpaka leo hali hiyo inaumiza vichwa. Sababu yake unaweza kuiona kwa macho: nyonga ikikaza haifunguki nyuma unapopiga hatua, basi mgongo wa chini unaingia ndani kufidia, siku elfu moja za kufidia hivyo na mgongo nao unalia. Kwangu ilikuwa hivyo, mgongo ulikuwa unauma kweli, sikuwa nadanganya, ila ulikuwa unafanya kazi ya mtu mwingine.

Ikishindikana kutofautisha, kuna njia ambayo ni nzuri kwa kweli: daktari anachoma ganzi ndani ya kiungo cha nyonga akiongozwa na picha, halafu unatembea. Maumivu yakipotea kwa saa chache, aliyekuwa anauma ni nyonga. Kiasi kilichobaki ni cha mgongo.

Usiamini picha kuliko mwili

Mwaka 1994 watafiti walipiga MRI ya mgongo watu 98 ambao hawaumwi mgongo kabisa, na ni asilimia 36 tu waliokutwa na diski nzima ngazi zote. Maana yake picha yako ikisema diski imevimba, inaweza kuwa imevimba tangu zamani na haina habari na maumivu yako. Mimi ndo nilinaswa hapo, picha ya mgongo ilionyesha diski mbili zimechoka, kila mtu akashika hizo diski akaacha kuuliza. Picha isome pamoja na kidole na vile vipimo, ikigongana navyo, uliza tena.

Wakati unasubiri miadi

Usilale kitandani wiki nzima, sio kwa mgongo wala kwa nyonga, tembea vipande vifupi. Kama ni nyonga inabeba uzito vibaya, fimbo ishike mkono wa upande wa PILI, nyonga ya kulia fimbo kushoto, nimeona watu wengi wanashika upande unaouma na haiwasaidii. Kaa viti virefu, sofa inayokumeza ni adui. Pembeni inayouma usiilalie, weka mto katikati ya magoti, na acha kusimama umeegemea mguu mmoja kiuno kimetoka nje. Mgongo wa diski badilisha mkao kila nusu saa, ukiweza simama. Dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac sio pipi, mwenye vidonda vya tumbo, figo, presha au mjamzito aulize kwanza.

Na ukiingia kwa daktari usianze na neno kiuno. Sema hivi: panauma hapa (kidole), panaishia hapa, nikifanya hivi panazidi, nikifanya hivi panatulia, nimeshindwa kuvaa soksi tangu mwezi fulani. Halafu kaa kwenye kiti, vua soksi mbele yake.